Ushairi wa Vijana Lamu na Hatima ya Kiamu

Malezi ya vijana katika ushairi wa Lamu hayakuanza na matamasha. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi, yapata mwaka 1858, tungo lilikuwa chombo cha ulezi: mtoto alisikia, akahifadhi, akausiwa. Baadaye Habib Swaleh, mwasisi wa msikiti wa Riyadha, aliyakuza Maulidi yakawa hadhara kubwa ya kisomo na kasida. Tamasha la utamaduni lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 liliweka mashindano ya ushairi kando ya mbio za punda na za mashua.

Uzito wa hadhara hizo waonekana zaidi katika lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Hivyo mtoto wa Kiamu shuleni huandika "nchi" na "macho" badala ya "nti" na "mato". Tofauti hiyo si ya matamshi tu. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane, na vitatu vya mwanzo hufungwa kwa kina kimoja. Penye kina cha "ti", "nti" ikigeuzwa "nchi" ubeti huvunjika.

Basi tamasha liwaalikalo vijana kughani tungo za kale pekee huhifadhi maneno. Liwapalo nafasi ya kutunga kwa lahaja yao, malenga wakawasahihisha mizani na vina, huendeleza fani yenyewe.