Umaskini wa kurithishana

Umaskini wa kurithishana ni ufukara unaotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto na wajukuu. Huanza tangu mimba: mama asiyepata lishe bora huweza kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu, na siku 1,000 za kwanza zikipita kwa uji mtupu, usio na maziwa wala karanga, udumavu hauondoki kirahisi. Nchini Tanzania, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Darasani mtoto wa namna hii huelewa kwa shida, na ni dhuluma kumwita mvivu. Ili kukata mnyororo huu, TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 2000, huzipa kaya maskini ruzuku, baadhi yake kwa sharti kwamba watoto wahudhurie kliniki na shule.