Kodi ya majengo kwenye LUKU: Maswali 6 ya wenye nyumba na wapangaji Lemara

Umenunua umeme wa Sh5,000, unit zikaja chache kuliko ulivyozoea. Kabla hujamlaumu jirani, soma tena ujumbe wa tokeni. Huenda mwezi mpya umeanza na kodi ya majengo imekatwa.

Kodi hii ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 20, 2021. Shida ni kwamba mita haijui nani mwenye nyumba, nani mpangaji, wala nani mzee. Kuiambia ni kazi yako.

Nakatwa kiasi gani?
Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida ni Sh18,000 kwa mwaka, yaani Sh1,500 kwa mwezi. Awali ilikuwa Sh12,000. Nyumba ya ghorofa mjini ni Sh90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa, sawa na Sh7,500 kwa mwezi.

Inakatwa lini?
Mara ya kwanza unaponunua umeme ndani ya mwezi. Ukinunua tena mwezi huohuo, haikatwi. Ila usiponunua kabisa, deni linakusubiri: miezi mitatu ni Sh4,500 kwa mkupuo.

Nyumba yangu ina mita tatu. Nalipa mara tatu?
Hapana. Nyumba moja, kodi moja. Lakini mita zote tatu zikiwa zimeunganishwa na kodi, utatoa Sh54,000 kwa mwaka badala ya Sh18,000. Andika namba za mita zote, tunza ujumbe wa tokeni, kisha anzia kwa mtendaji wa mtaa. Omba barua inayothibitisha kuwa ni jengo moja, naye akuelekeze pa kuipeleka ili ibaki mita moja tu.

Mimi ni mpangaji, kwa nini nilipe?
Kodi ni ya mwenye nyumba, hata kama mita iko chumbani kwako. Tunza ujumbe wote na mkubaliane mapema mkate kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni Sh18,000, na kwa mpangaji wa chumba kimoja hiyo si hela ya kuachia. Mwandike kwenye mkataba, maneno ya mdomo husahaulika.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 60. Naye alipe?
Sheria inatoa msamaha kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea, na kwa mtu mwenye ulemavu, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe na asiyoifanyia biashara. Msamaha hauji wenyewe, lazima uombwe. Andaa kitambulisho cha NIDA, namba ya mita na barua ya serikali ya mtaa. Wazee wengi hununuliwa umeme na watoto wao kwa simu, hivyo hawajui hata kama wanakatwa. Kama wewe ndiye unayemnunulia, angalia leo.

Nikilipa hii, nimemaliza na kiwanja?
Bado. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine. Hulipwa kila mwaka Wizara ya Ardhi kwa namba ya malipo, wala haipiti kwenye LUKU.

Kwa hiyo usifute ujumbe wa tokeni. Siku ukienda kudai haki yako, ndiyo risiti yako.