Mpunga Uliodharauliwa

Hapa Likasi chakula chetu cha kila siku ni bukari. Wali twaupika hasa siku za furaha, kama ubatizo na arusi. Lakini mpunga ulifikaje mashariki ya Kongo? Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilivuka ziwa Tanganyika, ikajenga makao Nyangwe na Kasongo, ikalima huko mashamba makubwa ya mpunga. Mbegu hiyo asili yake ni Asia. Afrika nayo ilikuwa na mpunga wake: watu wa bonde la mto Niger waliulima tangu zamani sana. Lakini punje zake hupukutika upesi na mavuno yake ni haba. Kwa hiyo wakulima wengi waliuacha wakashika ule wa Asia.

Mwaka 1966, mwaka ule ule Jadotville ilipoitwa Likasi, ugonjwa mpya ulionekana Otonglo, karibu na Kisumu, nchini Kenya. Majani ya mpunga yaligeuka manjano yenye madoadoa, mimea ikadumaa, masuke yakabaki matupu. Baadaye ugonjwa ulionekana katika nchi nyingi za Afrika. Huletwa na virusi, navyo huchukuliwa na wadudu walao majani, hata na mikono na vyombo vya mkulima. Mmea uliokwisha kuugua hauna dawa.

Basi wataalamu walitafuta msaada ndani ya mbegu yenyewe. Njia hiyo ilifunguliwa na Gregor Mendel, mtawa wa Mt. Augustino mjini Brno, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri, na mwaka 1866 akatangaza sheria za urithi. Alikufa mwaka 1884. Watu walikuja kumsikiliza mwaka 1900. Maagizo hayo ya urithi twayaita jeni. Mwaka 2005 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Wajapani, walitangaza kwamba wameyasoma maagizo ya mpunga wa Asia, wakahesabu jeni zaidi ya 37,000.

Jeni hazisomwi zote pamoja. Tufikiri misale ya altareni: sala zote zimo, lakini padre hufungua kurasa za siku ile tu. Vivyo hivyo mzizi husoma kurasa zake, na jani zake. Virusi havina msomaji wao. Huleta barua yao ndani ya mmea, wakamtumia msomaji wa mmea wenyewe. Mwaka 2006 ilitangazwa ya kuwa katika mpunga usiougua, jeni moja imebadilika kidogo: msomaji hashikamani tena na barua ya virusi, ingawa za mmea azisoma vema. Badiliko la namna hiyo lilionekana katika mpunga mmoja wa Asia uitwao Gigante, na mengine katika mpunga wa kale wa Afrika, ule uliodharauliwa!

Lakini vita haijakwisha. Virusi navyo hubadilika, na vingine vimekwisha kushinda kizuizi hicho. Ndiyo sababu mbegu za namna nyingi zahitajiwa, wala si moja tu. Basi, mama mwenye kikapu cha mbegu za wazee asiwaonee haya jirani zake. Asiitupe hata ile izaayo kidogo. Labda ndani yake mna neno ambalo wajukuu watalihitaji, nasi bado hatujalisoma.