Mguu Unaokosa Damu

Leo tuzungumze juu ya mguu unaokosa damu.

Damu ndiyo chakula cha mguu. Mshipa ukiziba kwa sababu ya sigara au kisukari, au ukibanwa na bandeji, nyama hufa na kuoza. Zamani tiba ilikuwa moja tu: msumeno.

Ndipo madaktari wakajiuliza, kwa nini tusipeleke pale nyama yenye mishipa yake? Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies wa Uingereza alishona ngozi kama bomba, akaiacha imeshikamana na mwili ili izidi kupata damu, kisha akaziba nayo majeraha ya askari. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Tom Rees walianzisha hapa kwetu huduma ya Madaktari Warukao, ambayo leo ni AMREF.

Mwaka 1971, Casten na Alday walieleza jinsi ya kuuteremsha utando wa mafuta unaofunika matumbo hadi mguuni, uulishe damu. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, Daniel na Taylor walihamisha ngozi ya kinena hadi mguuni, wakaunga mishipa yake kwa hadubini na nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Lakini mama, kipande hicho nacho huhitaji mshipa mzima wa kukilisha. Mshipa mkuu ukiziba, hutengenezwa kwanza. Na nyama iliyokufa haifufuki. Bila damu kabisa, nyama ya mguu huanza kufa baada ya saa sita hivi.

Nakumbuka mtoto aliyeletwa kwetu siku ya tatu, mguu umefungwa vijiti kwa kamba. Mama yake aliambiwa maumivu ni ya kawaida. Tulipofungua, vidole vilikuwa vyeusi.

Kwa hiyo, mtoto akifungwa bandeji au plasta, tazama vidole mara kwa mara. Vikiwa baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, au akilia maumivu yasiyotulia, usingoje asubuhi. Usikande kwa maji moto. Kimbia hospitali ifunguliwe. Na nyanya mwenye kisukari, mkague nyayo kila jioni.

Kuwahi ndiko kunakookoa mguu. Kwaheri, mama.