Tiyo ya maji machafu imeharibika: kuzibua, kukata kipande, au kuchimba yote?

Kolwezi – Mvua zikianza mwezi wa kumi, matatizo yaliyolala chini ya ardhi kiangazi chote yanatoka nje. Choo kinakataa kumeza maji, dushi inarudisha povu, na pembeni ya ukuta bulongo unabaki na unyevu hata jua likiwaka. Hapo mwenye lupango anaita fundi na kumwambia: «Papa fundi, chimba tu, tutaona mbele.» Siku mbili baadaye simenti ya uwanja imevunjwa, feza imeisha, na choo kingali kinarudisha maji, juu tiyo ilikuwa nzima. Fosi septiki ndiyo ilikuwa imejaa.

Hasara ya namna hiyo inaweza kuepukwa. Kuna njia nyingi za kutengeneza tiyo ya maji machafu, na kila moja ina ugonjwa wake inaoponya. Ukijua ugonjwa uko wapi, kuchagua njia kunakuwa rahisi. Usipojua, unanunua bahati nasibu.

Maji yanapita wapi?

Kwenye lupango nyingi za Kolwezi, ikiwa ni Dilala ama Manika, maji ya choo hayaendi kwenye mfereji wa mji. Yanatoka ndani ya nyumba kwa tiyo, yanaingia kwenye fosi septiki, uchafu mzito unalala chini, kisha maji yanaendelea mpaka kwenye shimo la kupotezea maji, lile watu wanaita pui perdi. Kutoka pale bulongo ndio unayanywa.

Tiyo yenyewe mara nyingi ni ya PVC, upana wa milimita 110. Inatakiwa iteremke kidogo: karibu sentimita 2 kwa kila mita. Tiyo ya mita 10 basi mwisho wake uwe chini kwa sentimita 20 kuliko mwanzo wake. Kwenye kona na maungio fundi mzuri anajenga regari, kishimo chenye mfuniko cha kuchungulia ndani.

Kwenye nyumba za zamani unaweza kukuta tiyo za chuma, za udongo wa kuchomwa, ama za eternit. Hii ya mwisho inaweza kuwa na amiante. Usiikate kwa msumeno ikiwa kavu, juu vumbi lake linaharibu mapafu. Ilowanishe kwanza, ama uiache palepale ardhini na upitishe tiyo mpya pembeni.

Pima kwanza, bila sururu

Kabla ya kuita mtu wa kuchimba, fanya vipimo hivi. Havichukui hata nusu ya siku.

Kwanza, angalia ni wapi maji yanakwama. Kama ni lavabo moja tu, ubaya uko karibu na lavabo ile. Kama choo, dushi na jikoni vyote vinachelewa, ubaya uko kwenye tiyo kubwa ama mbele yake.

Pili, fungua regari moja baada ya nyingine, kuanzia nyumbani kwenda kwenye fosi. Regari ikiwa imejaa na inayofuata ni kavu, kizibo kiko katikati ya hizo mbili. Zote zikiwa zimejaa mpaka kwenye fosi, acha tiyo kwa amani, ugonjwa uko mbele.

Tatu, mulika. Mtu mmoja aweke tochi kwenye regari moja, mwingine aweke kioo kidogo kwenye regari ya pili. Tiyo nzima na nyoofu inaonyesha duara la mwanga. Ukiona nusu duara, tiyo imeshuka katikati. Usipoona kitu, kuna kizibo ama kona. Kamera ndogo ya waya inayoungwa kwenye telefone inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na fundi akiwa nayo, omba muangalie pamoja naye.

Nne, jaribu kama tiyo inavuja. Ziba mwisho wake kwa mpira ama mfuko wa plastiki uliojaa mchanga, jaza maji mpaka kwenye regari ya juu, weka alama, ngoja nusu saa. Maji yakishuka sana, kuna tundu ama ungio lililofunguka. Maji ya bule ya kufulia yanasaidia kuona yanatokea wapi.

Tano, andika siku. Tatizo linalokuja siku za mvua tu lina sababu yake: maji ya paa yameunganishwa na tiyo ya choo, ama bulongo unaozunguka pui perdi umeshiba.

Njia ya kwanza: kuzibua

Tiyo ikiwa nzima na imezibwa na mafuta ya kupikia, mchanga, vitambaa ama pampa za mtoto, inatosha kuzibua. Fundi anatumia fimbo za kuungana ama fure, ule waya mrefu wa kuzungushwa. Pale penye mashine, maji ya nguvu yanasafisha tiyo nzima. Kama kizibo kinarudi palepale kila baada ya wiki chache, usilipe mara ya nne. Kuna kitu pale: mzizi wa mti, ungio lililoachana, ama tiyo iliyoshuka.

Hapa kwetu kuna hatari moja ambayo miji mingi haina. Aside sulfuriki, ile viwanda vinatumia kutoa shaba na kobalti kwenye mawe, inauzwa pia kichinichini, na kuna watu wanaimwaga chooni ili «iyeyushe.» Inakula simenti ya regari na ya fosi, inaua vijidudu vinavyooza uchafu, na ikikutana na uchafu wa fosi inaweza kutoa gazi ya sumu. Ikichanganyika na maji inachemka na kurukia uso. Aside ya betri nayo ni ileile.

Njia ya pili: kukata kipande na kuweka kipya

Vipimo vikionyesha tundu moja ama ungio moja lililoachana, chimba pale tu. Kata kipande kibovu, kisha weka kipya chenye mansho, kile kipande kipana cha kuungia, kila upande. Gundi ya PVC inashika kwenye tiyo safi na kavu. Simenti haishiki kwenye PVC, na mpira wa tairi uliofungwa kwa waya hautamaliza mvua moja. Hii ndiyo njia ya bei ndogo inayodumu, mradi mahali pengine pote pamepimwa na ni pazima.

Njia ya tatu: kubadilisha yote

Chimba yote kama mteremko ni mbaya, kama maungio mengi yamefunguka, kama mizizi imeingia sehemu nyingi, ama kama tiyo ya zamani inavunjika mkononi. Kazi hiyo ingoje kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, isipokuwa maji machafu yanamwagika uwanjani.

Mfereji uchimbwe ukiteremka, upimwe kwa kamba na maji ya kusawazisha, si kwa macho. Chini weka mchanga wa sentimita 10, lalisha tiyo, funika na bulongo uliochujwa mawe, shindilia kidogo kidogo. Pale gari linapita, tiyo ilale chini zaidi ama ifunikwe na betoni. Usifunike mpaka umemwaga maji na kuyaona yakifika kwenye fosi. Hapo ndipo wengi wanadanganywa: fundi anafunika saa kumi na moja jioni, na hakuna aliyeona mteremko.

Tiyo ya maji ya kunywa isilale pamoja na ya choo. Iwe juu yake na mbali nayo. Maji ya Regideso yakikatika, tiyo inabaki bila nguvu ndani, na kama ina tundu inaweza kuvuta uchafu unaoizunguka. Maji yakirudi, uchafu ule unakuja kwenye bidoni.

Njia ya nne: bila kuchimba

Watu wengi wameona kwenye video tiyo ikitengenezwa bila pele. Njia hizo ni za kweli. Mwaka 1971, kule London, injinia Eric Wood alitia ndani ya tiyo mbovu soksi ya kitambaa yenye gundi nzito. Ikikauka inakuwa tiyo mpya ndani ya ile ya zamani. Njia nyingine inapasua tiyo ya zamani kwa chuma chenye ncha na kuvuta mpya nyuma yake.

Lakini soksi inafuata umbo la tiyo iliyopo. Tiyo iliyoshuka katikati itabaki imeshuka, na iliyobomoka kabisa haipitishi soksi. Kupasua nako kunasukuma ardhi, basi ni hatari kama tiyo nyingine iko karibu. Zote mbili zinataka kamera, mashine na watu waliojifunza. Zina maana pale tiyo inapita chini ya jengo lisiloweza kuvunjwa: hospitali, hoteli, nyumba ya orofa. Kwa mita 8 za PVC kwenye uwanja wa bulongo, sururu na pele zinashinda. Mtu akikuahidi njia hiyo, omba kuona mashine na kazi aliyokwisha kufanya.

Na kama tiyo haina ubaya?

Uchafu ukifika theluthi moja ya kina cha fosi, inyonywe. Fosi ikiwa imenyonywa na baada ya siku chache imejaa tena, pui perdi haimezi: mafuta na uchafu vimeziba kuta zake. Kubadilisha tiyo hakutasaidia. Inatakiwa shimo jipya, mbali na kisima. Umbali unaoshauriwa ni mita 30 kati ya shimo na kisima cha kunywa. Kwenye parseli ndogo hilo ni gumu, na mara nyingi kisima cha jirani ndicho kiko karibu. Ongea naye kabla ya kuchimba.

Bulongo wa Kolwezi una mambo yake

Mwaka 2014, kule Kasulo, mtu mmoja alichimba nyuma ya nyumba yake na kukutana na jiwe la kobalti. Inasimuliwa kwamba alikuwa anatafuta shimo la choo. Baadaye kartie ikajaa mashimo, mengine ndani ya vyumba, na mwaka 2017 familia za sehemu ile zikahamishwa. Kwa mwenye kutengeneza tiyo, somo ni hili: kama uwanja unazama, kama ufa mpya unatokea ukutani pamoja na tiyo kuvunjika, uliza kwanza kilicho chini. Tiyo mpya juu ya ardhi yenye handaki itavunjika tena, na mchimbaji anaweza kuzama nayo.

Mfereji ukipita kina cha mita 1.30, kuta zake zishikwe na mbao, na bulongo uliotolewa utupwe mbali na ukingo. Ardhi iliyolowa inaanguka bila kupiga kelele.

Na hili lisikike kwa kila mtu: hakuna mtu anayeingia ndani ya fosi, hata ikiwa tupu. Gazi ya mle inaangusha mtu kwa pumzi mbili tatu, na mara nyingi wa pili kufa ni ndugu aliyeruka kumsaidia. Kazi ifanywe kutoka juu.

Nani analipa?

Kodi za nyumba za kuishi zinaongozwa na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Ugomvi unapungua kama hali ya choo, regari na fosi imeandikwa siku ya kuingia, na kama mkataba unasema nani ananyonyesha fosi. Mpangaji aliyetupa pampa chooni hawezi kumgeukia mwenye lupango. Na mwenye lupango aliyejenga tiyo bila mteremko asimtoze mpangaji.

Kwa fundi, omba proforma inayosema: tatizo lilionekana wapi na kwa kipimo gani, mita ngapi, tiyo ya upana gani, mteremko, na nani anarudisha simenti ya uwanja. Mafundi wawili wakitoa sababu mbili tofauti, pima tena kabla ya kulipa.

Wakati unangoja fundi

Maji machafu yakisimama uwanjani, zungusha kamba ili watoto wasipite, mwaga chokaa, punguza kutumia choo. Maji ya kisima kilicho karibu yachemshwe ama yatiwe klori. Lualaba, Haut-Katanga, Haut-Lomami na Tanganyika ni majimbo yanayoijua kolera. Mtu akiharisha maji kama ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja huku mkimnywesha maji ya chumvi na sukari njiani.

Kwa ufupi

- Lavabo moja inakwama: zibua palepale.
- Regari moja imejaa, inayofuata kavu: zibua katikati yake, ikirudi, kata kipande.
- Tundu moja: kipande kipya na mansho.
- Mteremko mbaya, mizizi, maungio mengi: badilisha yote, kiangazi.
- Tiyo chini ya jengo lisilovunjwa, umbo lake zima: uliza njia ya soksi.
- Regari zote na fosi zimejaa: nyonya fosi, kisha angalia pui perdi.
- Uwanja unazama: simamisha kazi, tafuta kilicho chini.

Kazi ikiisha, kabla ya kufunika, piga picha ya mfereji na uchore kwenye karatasi tiyo inapita wapi, mita ngapi kutoka ukutani, kina gani. Iweke pamoja na karatasi za parseli. Siku ya tatizo lingine, wewe ama mtoto wako mtajua pa kuanzia.