Mirambo wa Stanley na Mirambo wangu

Nimekuwa kimya majuma kadhaa. Kuna riwaya naiandika usiku nikitoka chumba cha habari, na imenikwamia. Mhusika mkuu ni Mtemi Mirambo. Rafiki yangu aliyesoma sura ya kwanza kaniambia bila kumung'unya: "Kaka, huyu si mtu, ni sanamu." Nikanuna. Kisha nikarudi kwenye historia, nikakuta kuna mwandishi aliyenitangulia kwenye kosa hilo: Henry Morton Stanley.

Mwaka 1871 Stanley alifika Unyanyembe akimtafuta Livingstone. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu, wakapigwa. Mwezi Agosti ruga-ruga wa Mirambo wakaingia Tabora na kuchoma nyumba. Ikabidi Stanley azungukie kusini. Katika kitabu chake cha 1872, Mirambo ni jambazi tu, basi. Na alikuwa hajawahi kumtia machoni!

Aprili 1876 wakakutana uso kwa uso, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Stanley akashangaa: mtu mpole, msemaji wa taratibu, mwenye adabu. Sasa yule jambazi wake kapotelea wapi?

Hakupotea, jamani. Hapo ndipo penye somo. Mpole yule yule ndiye aliyeteketeza vijiji na kuwaingiza vijana mateka katika jeshi lake. Aliyepigana na Waarabu ndiye huyo huyo aliyetaka kufanya biashara na Zanzibar. Mwaka 1879 alimkaribisha daktari mmisionari, Southon, akae Urambo. Alifariki mwaka 1884 kwa maradhi, na dola yake haikudumu sana baada yake.

Sisi nasi tumefanya kama Stanley, ila kinyume chake. Shuleni tulipewa shujaa asiye na doa. Mjini Tabora jina lake liko kwenye shule na kambi ya jeshi, na heshima hiyo anastahili. Lakini kuna bibi wa watu aliyekimbia usiku kijiji kikiungua, mtoto mgongoni. Naye ana haki ya kuwemo riwayani.

Sura ya kwanza nimeifuta. Mpya inaanza na Mirambo akizungumza na mgeni kwa sauti ya chini. Nje, kijana aliyetekwa juzi anafundishwa kushika gobore.

Safari hii namwogopa kidogo, na nampenda zaidi. Nadhani sasa anapumua.