Linux na Usingizi wa Kompyuta

Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux huko Helsinki mwaka 1991, kubana umeme hakukuwa kazi ya mfumo endeshi. Kanuni za APM, zilizotolewa na Intel na Microsoft mwaka 1992, ziliiachia BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya mashine, iamue lini skrini izimwe na lini kompyuta ilazwe.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilileta kanuni mpya, ACPI, na uamuzi ukahamia kwenye mfumo endeshi. Sasa kila mtengenezaji alitakiwa kuandika majedwali ya maelekezo kuhusu feni, betri na kifuniko cha mashine yake. Mengi yalijaribiwa kwa Windows tu. Makosa yaliyovumiliwa huko yaliikwamisha Linux: kompyuta mpakato ikilazwa, haiamki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watumiaji hodari waliyafumua majedwali hayo, wakayasahihisha wenyewe, kisha wakailazimisha keneli, yaani kiini cha Linux, isome nakala zao. Wasanidi wa keneli wakaishia kwenye ujanja: jedwali likiuliza kama mfumo uliopo ni Windows, Linux hujibu ndiyo. Uongo huo ungalipo hadi leo, na una busara yake, kwani njia iliyopimwa kiwandani ni ile ya Windows.

Umeme mwingine ulipotelea ndani ya keneli yenyewe. Saa yake ilikishtua kichakataji mara 100 kwa sekunde. Toleo la 2.6 likapandisha hadi 1,000 kwenye kompyuta za kawaida, baadaye likashusha hadi 250. Kichakataji kisicho na kazi kikakosa nafasi ya kulala fofofo. Toleo la 2.6.21, la Aprili 2007, liliondoa mapigo hayo wakati wa utulivu. Mwezi uliofuata Intel ikatoa PowerTOP, iliyozitaja kwa majina programu zinazokiamsha kichakataji ovyo, na nyingi zikarekebishwa upesi.

Mwaka huohuo watumiaji wa Ubuntu, mfumo unaotumia keneli ya Linux, walilalamika kwamba diski za kompyuta zao mpakato zinaegesha vichwa vya kusomea mara kwa mara ili kuokoa betri, kisha zinavirudisha kazini kwa kuwa mfumo huandika vijitaarifa bila kukoma. Diski nyingi za aina hiyo zilikadiriwa kuhimili maegesho 600,000 hivi. Kwa egesho moja kila dakika, mashine isiyozimwa huyamaliza kwa takriban miezi 14. Mara nyingi mpangilio huo wa kuegesha ulitoka kiwandani. Dawa ilikuwa amri moja ya programu ya hdparm kuizuia diski isiegeshe upesi, nayo ikagharimu joto zaidi na betri kuisha mapema.